Haki ya Kutojua

Siri ni za namna mbili. Iko siri ambayo ukiificha haimdhuru mtu, kama umri wa bibi au kiasi cha mahari aliyotolewa. Siri hiyo hukaa pale ilipowekwa, na mwenyewe akifa hufa naye. Iko na siri nyingine isiyokaa mahali pamoja. Kadiri inavyofichwa ndivyo inavyokua, nayo hula chakula cha yule aifichaye. Niliwekewa amana siri ya namna hii ya pili nikiwa kijana, nikaitunza vizuri kupita kiasi. Nimeandika kurasa hizi ili nikuulize swali ambalo tangu siku zile limekaa nami nyumba moja: je, mtu ana haki ya kutojua jambo lililo katika mwili wake mwenyewe? Na yule ajuaye pamoja naye, afanyeje?

Mwaka 2014 nilikuwa na miaka michache tu tangu nitoke chuo cha ualimu cha Shanzu, nikifundisha Changamwe. Kila Ijumaa jioni nilipanda matatu mpaka kisiwani, nikavuka kwa feri kwenda Likoni kumjulia hali shangazi yangu, dada yake baba. Alikuwa mwanamke wa miaka 52, mpishi wa mahamri ambaye watoto wa mtaa walimjua kabla ya kumjua mwalimu wao wa kwanza. Mumewe alikuwa amestaafu kazi ya bandarini Kilindini. Mtu wa maneno machache, ambaye sisi watoto wa ukoo tulimwogopa bila sababu tuliyoweza kuitaja.

Ijumaa moja shangazi aliniita chumbani, akafunga mlango, akashusha leso begani, kisha akaushika mkono wangu na kuuweka juu ya titi lake la kushoto, upande wa kwapa. Nilihisi kitu kigumu, mfano wa kokwa ya ukwaju, kimelala chini ya ngozi. Nilipokibonyeza hakikusogea.

“Hakiniumi,” alisema. “Nimekuonyesha wewe, mwanangu, kwa kuwa umesoma. Usimwambie mtu. Si baba yako, si mume wangu.”

Nikamwambia, “Shangazi, kesho twende hospitali. Mimi nitakusindikiza.”

Alicheka kidogo, akarudisha leso mahali pake. “Nikienda wataniambia,” alisema. “Wakiniambia ndipo nitakuwa nayo. Nisipoambiwa, sina.”

Akanitaka niape kuwa sitasema. Nikaapa. Usiku ule nilirudi kwa feri nikiwa nimesimama ukingoni, natazama taa za meli za Kilindini, na maneno yake yananirudia kama somo lililoshindikana: nisipoambiwa, sina.

Wewe msomaji, huenda umekwisha kucheka. Umefundishwa shuleni kuwa kitu hakianzi kuwako kwa sababu kimetajwa, wala hakiondoki kwa sababu kimenyamaziwa. Jiwe lililo njiani humkwaa kipofu kama limkwaavyo mwenye macho. Hilo ni kweli, wala silipingi. Lakini nakusihi usifanye haraka kumwita shangazi yangu mjinga, kwa maana hakuwa mjinga. Alikuwa akipiga hesabu. Alijua kwamba jina la ugonjwa huingia nyumbani kabla ya ugonjwa wenyewe, na likishaingia hubadilisha kila kitu. Mume aweza kumtazama mkewe kwa jicho jingine. Majirani waweza kuacha kununua mahamri, kana kwamba saratani huambukiza kwa unga, nayo haiambukizi kwa unga wala kwa kitu kinginecho cha kugusana. Binti mwenye kuposwa aweza kuambiwa kuwa nyumba yao ina maradhi. Akiba ya miaka 20 yaweza kwisha kwa mwezi mmoja. Haya yote hayamo katika uvimbe; yamo katika jina. Kwa hiyo aliposema kuwa asipoambiwa hana, maana yake ilikuwa kwamba, madhali hajaambiwa, angali na mume, na biashara, na heshima, na akiba. Katika hayo alisema kweli.

Kosa lake lilikuwa moja, nalo ni kudhani kwamba kutojua ni kupumzika. Nilikaa naye Ijumaa nyingi baada ya ile. Nilimwona akikanda unga kwa mkono mmoja na mwingine ukipanda bila yeye kujua kwenda kifuani, kupima kama kitu kile kimekua. Alikipima mara ngapi kwa siku, Mungu ndiye ajuaye. Alikuwa amekataa kupimwa na daktari, ilhali yeye mwenyewe hakuacha kujipima tangu alfajiri mpaka usiku, pasipo chombo, pasipo elimu, na pasipo siku ya kupata jibu. Watu wa namna hii ni wengi, na lililo la kusikitisha ni kwamba wengi wao hawana saratani. Vivimbe vingi vya matiti, pengine 8 katika kila 10 vipelekwavyo kuchunguzwa, huonekana kuwa si saratani: ni vifuko vya maji, au vinundu vya kawaida ambavyo wasichana hupata sana. Mwanamke aweza kubeba hofu ya mauti miaka mitano kwa ajili ya kifuko cha maji.

Hofu hukua mahali pasipojulikana. Kwa hiyo acha nikueleze kwa uwazi kinachofanyika hospitali, kama ambavyo ningalipaswa kumweleza shangazi, nami sikumweleza kwa kuwa sikukijua.

Kwanza daktari au muuguzi hutazama matiti yote mawili na kuyapapasa kwa mkono pamoja na makwapa, kwa sababu huko ndiko ziliko tezi ambazo saratani hupenda kuzifikia mapema. Kisha hupigwa picha. Kwa mwanamke kijana, ambaye nyama ya titi lake ni nzito, aghalabu hutumiwa altrasaundi, yaani mashine itumiayo mawimbi ya sauti yasiyosikika. Kwa mwanamke mtu mzima hutumiwa mamografia, nayo ni eksirei ya titi: titi huwekwa baina ya vibao viwili, likabanwa kwa nukta chache, likapigwa picha. Kubanwa huko kwauma kidogo, lakini si maumivu ya kumfanya mtu aliyezaa watoto wanne alalamike.

Elimu hii haikushuka kwa siku moja. Röntgen alipata mionzi ya eksirei mwaka 1895. Mwaka 1913 daktari wa upasuaji wa Berlin, Albert Salomon, alipiga picha matiti 3,000 hivi yaliyokwisha kukatwa, akaona kwamba saratani ina alama zake katika picha. Miaka 50 ikapita kabla ya mtu kujaribu kwa hesabu kubwa kama picha hizo zaweza kuokoa maisha. Jaribio hilo lilianza New York mwaka 1963, kwa wanawake wapatao 62,000, nusu wakaitwa kupimwa na nusu wakaachwa katika desturi yao ya kawaida. Mmoja wa walioliongoza alikuwa daktari Philip Strax, ambaye mkewe alikuwa amekufa kwa saratani ya titi akiwa na miaka 39. Miaka kumi baadaye, vifo vya ugonjwa huo katika lile kundi lililoitwa vilikuwa vimepungua kwa karibu theluthi. Mara nyingine nafikiri juu ya mtu huyo, ambaye hakuweza kumrudisha mkewe, akaenda kuhesabu wake wa wenziwe.

Lakini picha, hata iwe nzuri namna gani, ni kivuli. Kivuli cha paka na kivuli cha chui mchanga vyafanana. Kwa sababu hiyo, picha ikitia shaka, daktari huomba kipande cha kitu chenyewe, na kazi hii huitwa biopsi. Ngozi hutiwa ganzi, sindano yenye tundu huingizwa mpaka ndani ya uvimbe, ikatoka na vijipande vya nyama vyembamba mfano wa uzi mnene. Vijipande hivyo hutiwa katika dawa ya kuvihifadhi, vikapelekwa maabara, vikakatwa vyembamba zaidi, vikapakwa rangi, na mtaalamu akavitazama kwa hadubini. Yeye ndiye asemaye kama ni saratani au siyo, na ikiwa ni saratani, ya namna gani, na dawa gani yaweza kuifaa. Mgonjwa hurudi kwake siku ile ile akiwa na bandeji ndogo. Kinachobaki ni kungoja, na nadhani katika shughuli yote hiyo kungoja ndiko kuumako kuliko sindano.

Hapa pana neno la watu ambalo hapana budi tulijibu, maana utalisikia Likoni, Kisauni, Changamwe na kila pahali penye baraza. Husemwa kwamba uvimbe ukiguswa na chuma hukasirika, ukaenea mwili mzima, na kwamba fulani bin fulani alikuwa mzima mpaka alipochomwa sindano, na baada ya miezi mitatu akazikwa. Sisemi kuwa wasemao hivi ni waongo. Waliona walichokiona: mtu alipelekwa hospitali, alichomwa, alikufa. Walilokosa ni kuuliza alipelekwa lini. Aliyepelekwa baada ya kukaa na ugonjwa miaka miwili angalikufa kwa chuma na bila chuma. Kuilaumu sindano ni kama kuwalaumu wazima moto kuwa ndio wachomao nyumba, kwa kuwa kila nyumba iunguapo wao huonekana hapo. Na kwa kuwa watu waliogopa chuma, walichelewa; na kwa kuwa walichelewa, walikufa; na kwa kuwa walikufa, watu wakazidi kuogopa chuma. Duara hili wewe mwanafunzi ulitazame vizuri, kwa maana utalikuta katika mambo mengi mengine yasiyohusu hospitali.

Jibu jingine ni zito zaidi, nalo sipendi kulichezea. Ni lile la mtu asemaye, “Mungu ndiye apangaye, ajali ikifika hapana daktari.” Mimi ni mtu wa Pwani, nimelelewa na watu wa dini, na sijaona bado anayeweza kumtoa hoja mtu huyu katika msingi wake. Lakini namwomba atazame wavuvi wa Mtongwe. Hapana watu wamtegemeao Mungu kuliko wao, kwa maana baharini hapana mwingine wa kutegemewa. Hata hivyo kabla ya kushua chombo, mvuvi hukipandisha pwani, akakipindua, akapitisha vidole katika kila upenyo wa ubao, na penye ufa akapakalafati kwa pamba na mafuta. Hakuna amwambiaye kuwa amekosa imani. Shangazi alikunywa kombe miezi saba, nami sikumkataza, wala sijutii kuwa alikunywa. Najuta kwamba mwenye kuliandika kombe lile alikuwa mzee mwenye hekima, ambaye kama angaliambiwa ni la nini, yamkini angalimwambia mwenyewe aende Makadara hospitali. Lakini na yeye hakuambiwa. Alielezwa kuwa ni la uchovu.

Sasa ni haki nikuonyeshe upande wa pili, kwa maana mwandishi atakaye kukubaliwa kwa haraka huuficha. Yako mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Moja ni kumchunguza mwanamke mwenye uvimbe, au mwenye chuchu iliyoingia ndani, au inayotoa damu, au mwenye ngozi iliyopata vishimo kama ganda la chungwa. Jingine ni kumpiga picha mwanamke mzima asiye na dalili yoyote. Katika hili la pili wataalamu wenyewe wamebishana. Mwaka 2012 jopo lililoongozwa na Michael Marmot huko Uingereza lilipima ushahidi wote, likasema kuwa upimaji kwa picha huokoa maisha, lakini kwa kila mwanamke mmoja aokolewaye na kifo, wapatao watatu hutibiwa saratani ambayo haingaliwasumbua maisha yao yote. Tena picha haioni kila kitu. Saratani nyingine huipita. Mwongozo wa upimaji wa saratani uliotolewa Kenya mwaka 2018 wawataka wanawake waanze mamografia wafikapo miaka 40, nami naona ni shauri jema. Lakini mwanamke mzima aliyeelezwa faida na hasara, akasema hataki, simhukumu. Huyo amechagua baina ya mambo mawili anayoyajua. Hapa naona kuwa haki ya kutojua ipo kweli.

Kwa mwenye uvimbe siioni. Au tuseme naiona ndogo sana, na sababu yangu si ile ambayo watu huitoa mara kwa mara, kwamba uhai ni wa thamani. Kila mtu ajua kuwa uhai ni wa thamani. Shangazi alilijua hilo kuliko mimi. Sababu yangu ni kwamba habari ile haikuwa yake peke yake. Alikuwa na mabinti wawili. Mwanamke ambaye mama yake, au dada yake, alipatwa na saratani ya titi, hatari yake yeye ya kupatwa huwa karibu mara mbili ya wenziwe. Kilicholala chini ya ngozi ya shangazi kilikuwa, nusu yake, barua ya mabinti zake, na barua ya mtu mwingine haichanwi hata na mama. Mwana Kupona binti Mshamu, mwanamke wa visiwa vya Lamu, alipotunga utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, alianza kwa kumwambia kuwa yu mgonjwa. Hakuona haya kulisema hilo kwanza, kisha akasema mengine. Miaka zaidi ya 150 baadaye sisi, wenye hospitali na shule, tulikuwa tukinong’ona chumbani.

Tusijifanye kuwa kunong’ona huko ni kwa watu wa mtaani tu. Ilikuwa mpaka mwaka 2011 na 2012, mawaziri wawili waliosimamia afya katika Kenya, Anyang’ Nyong’o na Beth Mugo, walipotangaza kila mmoja kuwa ana saratani, yeye bwana ya tezi ya kiume na yeye bibi ya titi, ndipo neno hili likatajwa sana katika redio kwa jina la mtu aliye hai. Mwaka huo wa 2012 Bunge lilipitisha sheria ya kuzuia na kudhibiti saratani. Nakumbuka katika mabaraza ya Changamwe watu wakisema, “Basi hata waziri!” Ni kweli kwamba mawaziri hao walitibiwa ng’ambo, na mpishi wa mahamri hana nauli ya ng’ambo. Kwa miaka mingi hata mionzi ya kutibu saratani katika hospitali za umma ilipatikana Kenyatta tu, Nairobi, safari ya kilomita karibu 500 kutoka kwetu. Siku hizi si Kenyatta peke yake, na hilo tushukuru. Lakini katika mwaka 2020 wanawake wapatao 6,800 walikisiwa kupatwa na saratani ya titi katika nchi yetu, na wapatao 3,100 kufa kwayo. Wengi hufika wakati ugonjwa umekwisha kutoka katika titi na kwenda kwingine. Ukiuliza kwa nini walichelewa, utajibiwa umaskini, na ni kweli; utajibiwa umbali, na ni kweli; lakini kwa kila mmoja wao ulizia pia nani alijua naye akanyamaza.

Na hapa ndipo ninapofika kwangu mwenyewe.

Niliapa, msomaji, nikalishika neno langu miezi saba. Katika muda huo nilijisifu moyoni. Nilijiambia kuwa mwalimu ni mtu wa kuaminika, kuwa mwili ni wake, siri ni yake, na kwamba mtu mwenye adabu hapiti mlango uliofungwa. Maneno haya yote ni mazuri. Lakini fikiri hivi. Mtu amekuwekea sanduku lake, akakuapisha usilifungue. Usiku ukaona moshi unatoka ndani ya sanduku. Je, utakaa kando yake ukilitazama, na asubuhi utamrudishia jivu, ukisema, “Sikulifungua”? Amana hutunzwa kwa ajili ya mwenye kuiweka. Haitunzwi kwa ajili ya sifa ya mwenye kuwekewa. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliogopa mumewe, niliogopa baba yangu, niliogopa kuwa mimi ndiye niliyelitaja lile jina nyumbani. Hofu yangu ilivaa nguo za heshima, nami nikaiamkia kama mgeni wa maana.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilianzisha juhudi ya kupunguza vifo vya saratani ya titi, na katika malengo yake limo hili: tangu mwanamke aende mara ya kwanza na dalili yake mpaka ajulikane ana nini, zisipite siku 60. Nilipolisoma nilichukua kalamu nikahesabu. Siku zile ambazo mimi peke yangu nilizikalia, kabla ya daktari yeyote kuhusika, zilipita 200.

Siri haikutolewa na mimi. Ilijitoa yenyewe. Asubuhi moja mumewe aliona doa la damu juu ya leso, akauliza, naye shangazi, ambaye kwa miezi saba alikuwa na jibu la kila swali, hakuwa na jibu la lile. Nilipofika Ijumaa ile nilimkuta mzee yule ameketi kibarazani. Nilitazamia ghadhabu. Hakunikaripia. Aliniuliza, “Tangu lini?” Nikamwambia. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Basi nyinyi wawili mlinifanya mgeni nyumbani mwangu.”

Tangu siku ile hakumwachia mtu mwingine kumpeleka. Alivuka naye feri kwa picha, akavuka naye kwa biopsi, akavuka naye siku ya kwenda kuchukua majibu, amemshikia mfuko, amevaa kanzu yake ya Ijumaa ijapokuwa ilikuwa Jumanne. Majibu yalipokuja yalisema kile tulichokwisha kukijua sote na ambacho hakuna aliyekuwa amekisema. Na tezi za kwapani zilikuwa zimekwisha kuguswa. Titi liliondolewa lote. Kama ungalikuwa ugonjwa mdogo pengine lingalibaki, kwa maana tangu mwaka 1985, Bernard Fisher na wenziwe walipochapisha matokeo yao huko Marekani, madaktari wamejua kuwa uvimbe mdogo waweza kutolewa peke yake, kisha titi likapigwa mionzi, na mwanamke akaishi sawasawa na aliyekatwa titi zima. Baada ya upasuaji zikaja dawa za kudondoshwa mshipani, nywele zikamwanguka, na mzee akanyoa zake pia. Hakueleza kwa nini. Walikwenda Nairobi kwa mionzi, wakakaa kwa jamaa wiki kadhaa. Yule mume tuliyemwogopa, ambaye kwa ajili yake siri ile ilifungiwa mlango, hakuoa mwingine, hakuhama chumba, wala hakusema neno. Tulikuwa tumemhukumu bila kumwita barazani. Najua kuwa si kila mwanamume angalikuwa hivyo. Nimekwisha kuona wengine. Lakini huyu tulikuwa naye, na hatukumwuliza.

Shangazi aliishi miaka minne na miezi baada ya hapo. Alirudi kupika mahamri, kwa mkono mmoja uliokuwa ukivimba jioni. Majirani walinunua. Binti yake mkubwa alianza kwenda kuchunguzwa, na mwaka 2018 alikutwa na kinundu. Alichomwa sindano wiki ile ile, akangoja siku kumi na moja, akaambiwa si saratani. Mama yake alilia siku ile zaidi ya siku aliyoambiwa ya kwake.

Alifariki mwaka 2019. Siku chache kabla ya hapo nilikutana ukumbini na yule daktari wa upasuaji aliyemtibu tangu mwanzo, mtu mpole, aliyekuwa na nafasi siku ile. Alisimama kabisa, akaniuliza kama nina jambo lolote ningependa kujua. Nilikuwa nalo. Lilikuwa swali moja, fupi, na yeye peke yake ndiye aliyeweza kulijibu: ile miezi saba ya mwanzo, kama isingalipotea, ingalibadili nini? Lilinifika mdomoni. Nikamshukuru kwa kazi yake, nikamwambia kuwa sina swali, nikashuka ngazi kwenda feri.